Vita vya Lettow Vikitazamwa kutoka Kampala

Katika miaka minne ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck halikufika Kampala. Lilipigana Taveta, Tanga na Mahiwa, likavuka Ruvuma, likazunguka Msumbiji hadi karibu na Quelimane, likarudi, likaishia Rhodesia ya Kaskazini. Kampala ilikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza, na vitabu vinavyomsifu jenerali huyo huupita mji huu bila kuutaja. Ndiyo sababu nimeuchagua. Miji aliyopita mwenyewe ninaifahamu: Tanga kwetu, Moshi, Dar es Salaam. Huko kote habari za vita vile husimuliwa kwa kumfuata yeye, wapi aliingia, wapi alitoka, namna gani aliwaponyoka waliomfukuza. Nilitaka kuiangalia kazi yake ya ujeshi kutoka mahali ambako hakuna nyayo zake za kufuata, ila kuna watu walioilipia.

Nilianzia Constitution Square, mbele ya Mahakama Kuu. Asubuhi ya Kampala ina kelele zake: boda boda zinapanda kutoka upande wa Kampala Road, makondakta wa teksi wanaita abiria, muuza rolex anapiga mayai pembeni mwa kikaango. Ndani ya bustani upo mnara wa kumbukumbu ya waliokufa katika vita viwili vikuu vya dunia. Nilikaa nao muda mrefu nikiufananisha na ule wa Dar es Salaam. Kwetu, pale katikati ya Samora, yupo askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927, bunduki mbele, anaitazama bandari. Kabla yake, mahali hapohapo, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, na chini ya miguu ya Wissmann wakamweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakamng'oa Wissmann. Nairobi nao walijengewa sanamu zao mwaka 1928, watu watatu, mmoja wao mpagazi. Kampala haina askari wa shaba. Mgeni wa Dar es Salaam hata asiyejua kusoma ataelewa kwamba hapa palikuwa na vita na kwamba waliopigana walikuwa watu weusi. Mgeni wa Kampala lazima aulize. Nimeona watu wengi wakikatiza bustani ile, na sikuwaona waliosimama kusoma.

Ili kumjua mtu aliyeleta yote haya ni lazima kurudi nyuma kidogo. Lettow alizaliwa Saarlouis mwaka 1870, katika ukoo wa maafisa wa jeshi la Prussia. Mwaka 1900 alipelekwa China, Wazungu walipokwenda kuuzima uasi wa Mabondia. Mwaka 1904 akapelekwa Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akawa afisa chini ya Lothar von Trotha. Trotha ndiye aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero, akawafukuzia jangwa la Omaheke na kuwazuilia visima. Baada yao wakafuata Wanama. Lettow aliumia jicho kule mwaka 1906. Wanaopenda kumtaja kama muungwana wa vitani huiruka miaka hii, au huitaja kama mahali alipojifunza kupigana porini. Mimi naona hairukiki. Mtu aliyetumikia amri ile na kuona jeshi likiwaua watu kwa kiu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba raia wa Afrika wanaweza kutumiwa mpaka waishe, na mtumiaji asiulizwe.

Alishuka Dar es Salaam Januari 1914 akiwa bado luteni kanali. Chini yake walikuwa askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani mia mbili na ushei, wamegawanywa katika kompania 14. Gavana Heinrich Schnee hakutaka vita, aliona koloni litaharibika na wenyeji wataasi. Kumbukumbu ya Majimaji haikuwa imefikisha hata miaka kumi. Lettow aliwaza kinyume chake. Hesabu yake ilikuwa moja tu: vita vitaamuliwa Ulaya, kwa hiyo kila askari wa Kiingereza atakayelazimika kuja Afrika ni askari aliyepunguzwa huko. Koloni lenyewe lilikuwa kuni za kuchochea moto huo. Gavana alikuwa mkubwa wake kisheria, lakini tangu Agosti 1914 luteni kanali ndiye aliyekuwa akiamua.

Agosti hiyohiyo, juu ya kilima cha Mengo, Kabaka Daudi Chwa alitimiza miaka 18 na utawala wa waangalizi wake ukafikia mwisho. Nilipanda Mengo kwa miguu, nikapita Kabaka Anjagala, ile barabara iliyonyooka kutoka ikulu ya Lubiri hadi Bulange, na wazo hilo halikuniacha: kijana anakabidhiwa nchi, na wiki ileile nchi inaingizwa katika vita vya watu wa mbali. Katika Dar es Salaam wawili walibishana juu ya vita, gavana na kamanda, wote Wajerumani. Kampala hakuna aliyeulizwa.

Kule Port Bell, Luzira, ziwa halioneshi dalili ya vita. Wavuvi wanapanga sangara na sato, kina mama wanakaanga mukene, yaani dagaa, meli imetulia gatini. Katika miaka ya 1914 na 1915 maji haya yalikuwa mpaka wa kivita. Meli za Uganda Railway zilizokuwa zikibeba pamba na abiria zilifungwa mizinga. Juni 1915, kikosi kilipakiwa Kisumu kikavuka hadi Bukoba, kikapigana siku mbili, kikabomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, kisha askari wa Kiingereza wakaachiwa kuupora mji. Mzee Frederick Selous, mwindaji wa tembo maarufu, alikuwamo. Alikuja kufa Beho Beho Januari 1917. Waliporwa nani? Bukoba ilikuwa mji wa Wahaya, Waswahili na wafanyabiashara wa Kihindi. Vitabu vya vita huuita uvamizi ule ushindi mdogo wenye faida. Bukoba nimewahi kufika mara nyingi, kwa basi la kupitia Mutukula na kwa meli ya Mwanza, na nafahamu kwamba watu wa pande hizi mbili za ziwa wana ndoa, wana biashara, wana ndizi moja ya kupika. Waliofanya vita vya ziwa hawakuwa na habari hiyo.

Nchi kavu, mpaka ulikuwa kwenye mto Kagera. Uganda ilikuwa na askari wachache wa kuulinda, kwa hiyo walikusanywa polisi, Wazungu wa kujitolea, na Baganda walioundiwa kikosi chao, Baganda Rifles. Kwa karibu miaka miwili pande zote zilipelekeana doria na kuchomeana vituo. Ni mto uleule ambao mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliufikia, daraja la Kyaka likavunjwa, na wazee wa Kagera wakaona vita kwa mara ya pili katika maisha yao.

Bombo ni mwendo wa kilomita kama 35 kaskazini mwa Kampala, njia ya Gulu. Ningewashauri wote wanaotaka kuelewa vita vya Lettow waanzie hapa badala ya Tanga, na nasema hivyo nikiwa mwana wa Tanga. Ni mji wa jeshi tangu enzi za Waingereza, na ni mji wa Wanubi. Kiswahili chao ni laini, kimechanganyika na Kinubi, na mtu aliyetoka pwani hukaribishwa kama ndugu aliyepotea. Hajji mmoja alinikalisha barazani, wake wa nyumba wakaleta chai ya maziwa, vikapu vya rangi vimetundikwa ukutani nyuma yake. Alianza kwa Emin Pasha, kama wengi wao wanavyoanza.

Emin Pasha alikuwa Mjerumani wa Silesia, jina lake la kwanza Eduard Schnitzer, daktari, gavana wa Ikweta chini ya Misri. Dola ya Mahdi ilipoitenga Sudan na Misri, alibaki na askari wake Wasudani karibu na Ziwa Albert. Msafiri Henry Stanley alimchukua hadi Bagamoyo mwaka 1889, askari wengi wakabaki Kavalli. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Waingereza alikwenda akawachukua na familia zao, akawaleta Uganda, na ndio waliokuwa kiini cha jeshi la Waingereza hapa. Mwaka 1897 waliasi kwa sababu ya mishahara midogo na safari zisizokwisha, wakashindwa; lakini waliobaki na watoto wao waliingia katika King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902. Batalioni ya nne, 4 KAR, ikawa ya Uganda.

Na kwetu? Mwaka huohuo wa 1889, Wissmann alikwenda Cairo kutafuta watu wa kumpigania dhidi ya Abushiri, aliyewaasi Wajerumani pwani. Akapata Wasudani wapatao 600, wengi wao askari walioachwa bila kazi Misri ilipopoteza Sudan. Akaongeza Washangani kutoka Msumbiji. Hao ndio waliokuwa kiini cha jeshi ambalo Lettow alilikuta mwaka 1914. Emin mwenyewe, baada ya kufika Bagamoyo, aliajiriwa na Wajerumani, akarudi bara, akaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kwa hiyo mtu mmoja aliacha askari wake wakajenga jeshi la Kampala, na mkono wake mwenyewe ukajenga ngome ya upande wa pili wa Kagera.

Hapa ndipo nilipobadilisha namna ya kuifikiria kazi ya Lettow. Husifiwa kwa kuunda jeshi la askari Waafrika lenye nidhamu na uaminifu wa ajabu. Hakuliunda. Alilikuta likiwa na miaka 25, na lilikuwa na pacha wake ng'ambo ya mto. Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wanubi: walijua kambi, walijua tarumbeta, walijua kusafiri na wake na watoto nyuma ya safu. Askari wa Mjerumani alilipwa vizuri kuliko mwenzake wa KAR, alikuwa na boi wake wa kumbebea mzigo, na kijijini alikuwa mkubwa. Uaminifu wake ulikuwa na sababu zake, kama wa askari yeyote wa kulipwa. Pale barazani Bombo haikuwa lazima kunifafanulia hilo. Mjukuu wa askari hushangazwa kidogo na watu wanaodhani babu yake alimpenda ofisa wake Mzungu kuliko mshahara, mke na heshima.

Kampala yenyewe ilitoa kitu kingine, na mahali pa kukitafuta ni Namirembe. Kanisa kuu la leo lilijengwa katikati ya vita, likawekwa wakfu mwaka 1919, baada ya lile lililotangulia kuungua kwa radi mwaka 1910. Chini yake ipo Hospitali ya Mengo aliyoianzisha Albert Cook mwaka 1897, ambayo wakati wa vita ilipokea wagonjwa wa kijeshi. Nilisimama kwenye ngazi za kanisa, milima yote ya Kampala iko mbele yako, Rubaga, Kibuli, Kasubi, Makerere, nikajaribu kuhesabu kichwani wanaume waliochukuliwa kutoka milima hii na nyuma yake.

Wapagazi. Bila wao hakuna vita vile. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Magari yalizama kwenye matope. Risasi, unga, dawa na mizinga vilikwenda kwa vichwa vya watu. Upande wa Waingereza pekee waliandikwa wapagazi na vibarua kiasi cha milioni moja katika vita vyote, kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika iliyotekwa, Nyasaland, Zanzibar na kwingine. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa kuliko kwa risasi. Watu wa Uganda waliozoea matoke na viazi walipewa unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa kukosa muda na kuni, wakaharibika matumbo, wakaandikwa kwenye vitabu vya waganga kuwa wamekufa kwa kuhara. Maelfu yao walikopeshwa kwa Wabelgiji mwaka 1916, wakati Jenerali Tombeur aliposhuka kutoka Kivu kupitia Rwanda na Burundi hadi akaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mganda akabebeshwa mzigo wa Mbelgiji kupigana na Mjerumani katika nchi ya Wanyamwezi.

Upande wa Lettow hesabu haikuwahi kufanywa hivyo. Wapagazi wake walikamatwa vijijini, akiba za chakula zikachukuliwa, na jeshi lilipohama likaacha maghala matupu. Ugogo ilipata njaa ya Mtunya, majeshi mawili yakiwa yamepita moja baada ya jingine na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua ikakosa. Waliokufa katika koloni la Kijerumani kwa njaa na maradhi ya vita wanakadiriwa kuwa laki kadhaa. Ukiongeza homa ya mafua ya 1918 unapata mwisho wa vita ambavyo Berlin ilivisherehekea.

Jambo jema lililozaliwa humo ni moja, nami sitaki kulipita. Mwaka 1917, wapagazi wakifa kama nzige, daktari wa serikali ya Uganda, Keane, na mwenzake, Tomblings, walikusanya vijana wasomi wa shule za misheni, wakaunda African Native Medical Corps. Vijana wa King's College Budo, kilima kilekile cha kusimikia Makabaka, waliacha vitabu wakaenda kusafisha vidonda, kupima homa na kuosha wagonjwa wa kuhara katika hospitali za mahema. Baba zao walikuwa machifu. Kazi ya namna hiyo ilionekana ya watumwa, na wao waliifanya. Vita vilipokwisha, Keane alikuwa mmoja wa waliosukuma mafunzo ya utabibu pale Mulago, na Tomblings akawa mkuu wa Makerere. Nilipita Mulago jioni, wanafunzi wa udaktari wanatoka na makoti yao meupe mikononi, wakikimbilia teksi za Wandegeya. Wengi hawajui kwamba mzizi mmoja wa shule yao uko kwenye mahema ya wapagazi. Dar es Salaam tulipata sanamu nzuri. Kampala ilipata waganga, na kama ningeambiwa nichague kumbukumbu ningechagua hii.

Sasa nirudi kwa jenerali, maana hajawa jenerali bado. Cheo hicho alikipata kwa ajili ya Mahiwa, karibu na Lindi, Oktoba 1917. Pigano lilichukua siku nne. Lettow alikuwa na watu 1,500 hivi. Waingereza, wengi wao askari wa Nigeria na wa KAR, karibu 5,000. Waingereza walipoteza zaidi ya 2,000, waliokufa na kujeruhiwa. Yeye alipoteza mia tano, theluthi moja ya jeshi lake, na hakuwa na mahali pa kupata wengine badala yao. Alishinda, akalazimika kukimbia. Mwezi mmoja baadaye alivuka Ruvuma akiwaacha nyuma wagonjwa na waliochoka.

Mahiwa alikuwapo pia Kurt Wahle, na huyu ananivutia kuliko Lettow mwenyewe. Wahle alikuwa meja jenerali wa Saxony aliyekwisha kustaafu. Mwaka 1914 alikuja kumtembelea mwanawe na kuona maonesho ya Dar es Salaam, vita vikamkuta. Akajiweka chini ya luteni kanali aliyekuwa mdogo wake kwa cheo na umri, akasimamia njia za ugavi, kisha akaongoza kikosi cha magharibi dhidi ya Wabelgiji na majeshi yaliyoshuka kutoka Ziwa Victoria, hadi Tabora ilipoanguka. Wale wa Uganda waliokwenda Mwanza na Tabora mwaka 1916 walikuwa wanapigana na mzee huyu, si na Lettow. Oktoba 1918 aliachwa Ubena, mgonjwa, akatekwa. Hana barabara wala kambi inayosemwa sana. Nidhamu ya mtu kama huyu ndiyo iliyoshikilia jina la Lettow.

Na aliyemfukuza Lettow mwishoni alikuwa nani? Hapa Kampala inaingia katika habari hizi kwa mlango wa mbele. Jeshi la Wajerumani liliporudi kuvuka Ruvuma Septemba 1918, likapita Songea na Ubena na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, waliokuwa nyuma yake siku kwa siku walikuwa batalioni ya kwanza ya 4 KAR, jeshi la Uganda, chini ya Hawkins. Hawa watu walitembea kutoka Msumbiji. Walikula walichokikuta. Walipigana na walinzi wa nyuma wa Lettow hadi karibu na Kasama, tarehe 12 Novemba, siku moja baada ya Ulaya kunyamaza, kwa sababu habari hazikuwa zimefika. Tarehe 13 mjumbe wa pikipiki alikamatwa na Wajerumani akiwa na simu ya kusimamisha vita. Tarehe 25, huko Abercorn, mji wa Mbala wa leo, Lettow alikabidhi silaha kwa Brigedia Jenerali Edwards, ambaye kabla ya vita alikuwa mkuu wa polisi wa Kenya na Uganda. Walihesabiwa Wazungu 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake kwa maelfu. Bunduki zao nyingi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa njiani.

Tangu utotoni nimelisikia neno la kwamba Lettow hakushindwa, hata kutoka kwa wazee wetu waliolisema kwa fahari, kwa kuwa askari wake walikuwa babu zao. Naielewa fahari hiyo. Lakini nikiwa Bombo, katika kambi walikotoka watu wa 4 KAR, niliona kwamba neno hilo linamfuta mtu mmoja: askari wa Uganda aliyetembea umbali uleule, kwa mshahara mdogo zaidi, akamfikia. Kama uhodari wa kule porini una jina, basi una majina mawili, na moja tu ndilo lililoandikwa.

Lililoandikwa liliendelea. Machi 1919 Lettow alipita chini ya lango la Brandenburg juu ya farasi, Berlin ikashangilia. Mwaka 1920 aliunga mkono mapinduzi ya Kapp dhidi ya serikali ya kiraia, yakashindwa, jeshi likamwachisha. Akakaa bungeni miaka ya 1928 hadi 1930 kwa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Hitler alipomtaka awe balozi London, alikataa. Wengi humsifu kwa hilo, na ni haki, ingawa mwaka 1939 alikubali cheo cha heshima cha jenerali kamili kutoka serikali ileile. Mwaka 1953 alirudi kuitembelea Dar es Salaam, waliokuwa askari wake wakampokea. Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964.

Mizinga ya manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915 na kuokolewa ili itumike nchi kavu, imetawanyika kama mali ya marehemu asiye na wosia: mmoja upo Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja, saa mbili kutoka hapa nilipo. Kumbukumbu za watu zimetawanyika vibaya zaidi. Ujerumani kambi za jeshi zilizokuwa na jina la Lettow zimebadilishwa au kufungwa, na mitaa kadhaa imepewa majina mengine. Jenfeld, Hamburg, bado zipo zile sanamu za ukutani za askari, zilizotengenezwa enzi za Hitler kumtukuza yeye, na Watanzania wanaoishi mjini humo wamebishana na wenyeji kwa miaka kuhusu namna ya kuzionesha. Kampala haijapata ubishi wa namna hiyo, kwa kuwa hakuna kitu cha kubishania.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa Lettow waliokuwa hai mishahara ambayo hawakuwahi kupata. Wazee walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na vyeti, wengine walileta vipande vya sare. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki aliyetumwa aliwapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyekosea. Hadithi hiyo hupendwa sana Ujerumani. Mimi naisoma nikiwafikiria wasiokuwa na ufagio wa kushika, wapagazi wa jeshi lilelile, ambao zoezi lao lilikuwa kubeba na ambao hawakuitwa Mwanza.

Upande wa Waingereza, mpagazi aliyekufa aliandikwa namba, na mara nyingi hata namba ikapotea. Waliozikwa walizikwa kando ya njia. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika ya Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwamo katika maamuzi hayo. Tume ikaomba radhi. Makaburi inayoyatunza kando ya Jinja Road ni safi, nyasi zimekatwa sawasawa, kila jiwe lina jina. Kati ya hapo na Bombo hakuna jiwe la mpagazi.

Kuyatafuta majina yao bado kunawezekana. Orodha za machifu waliotoa watu zipo katika nyaraka za serikali na za Mengo kwa kadiri zilivyosalia. Vitabu vya ubatizo vya Namirembe na Rubaga vina majina ya vijana ambao baada ya 1917 hawaonekani tena katika ndoa wala katika mazishi. Bombo na Kibuli kuna wazee wenye nasaba za kukariri. Mwalimu wa historia mwenye wanafunzi thelathini na ruhusa ya kuingia maktaba angeweza kuanza muhula ujao, saza (jimbo la Buganda) kwa saza, Buddu kwanza kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na Kagera.